Vijiti Vilivyolala

Imeshika, dada, imeshika! Subiri nipumue, bado niko juu ya mlingoti hapa kwenye pampu, mkanda umenibana kiuno.

Si nilikwambia bosi kaapa leo isiposhika anaita mafundi wa nje, mimi nirudi kwenye kazi ya mezani ofisini? Na antena hii ya kuelekeza niliichagua mwenyewe, ituletee kipimo cha maji kutoka tangi la kilimani. Nimeilenga sawasawa, lakini mtambo wa kupokea haunasi kitu!

Bosi huko chini anapayuka kwa kejeli, "Mama Mawimbi, shuka, umejitahidi!"

Nikachukua darubini, nikaichungulia antena aliyofunga mwenzangu kule kilimani. Vile vijiti vyake, kama meno ya kitana, vimesimama wima. Vyangu vimelala! Na antena mbili hazisikizani vijiti vikipishana hivyo; tulipatana kila kitu kwenye simu, hilo hata hatukuligusa.

Nikalegeza nati, vidole vinateleza kwa jasho, nikaizungusha robo mduara, vijiti vikasimama kama vyake. Taa ya mtambo ikawaka kijani! Kipimo cha tangi hicho, kimeingia!

Bosi kavua kofia. "Binti, kazi ya matangi yaliyobaki nimpe nani kama si wewe?"

Nimemwambia anipe yote; mengine utayasikia kesho, dada. Sasa hivi acha nishuke kwanza!