Ng'ombe Juu ya Paa

Kitendawili: nina nyumba, ng'ombe anaila. Usihangaike, mjukuu wangu, ni nyumba yangu ya kwanza hapa Nebraska.

Tuliichimba ubavuni mwa kilima, na paa lilikuwa la udongo na majani yake mabichi, limeungana na malisho. Ng'ombe alipanda kula, mguu ukatoboa, ukaning'inia juu ya meza, ua la njano limenasa kwatoni. Uji ukajaa udongo.

"Basi!" Halvor, mume wangu, akatupa kijiko. "Kesho tunarudi Norwei. Shamba achukue anayelitaka."

Hakuwa anatania. Sanduku alishalifunga.

"Kwenu Norwei mlikuwa na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Unajua hatukuwa naye. Tulikamua wa tajiri."

"Na paa?"

"La tajiri."

"Haya. Huyu ni ng'ombe wa nani? Na hilo paa analotoboa?"

Udongo ukamwangukia kichwani, wala hakuupangusa.

"Wetu," akasema.

"Sema kwa sauti, bwana, ng'ombe naye asikie."

"Ng'ombe wetu! Paa letu!"

"Basi usinililie kwenye uji. Wewe sukuma huo mguu kutoka chini, mimi napanda kumvuta pembe."