Kitanda cha Mukau

Asubuhi hiyo, jua halijapanda vizuri, Syombua alikuwa anatoa vitu nje ya nyumba yake kama mtu amefukuzwa. Godoro. Sufuria kubwa. Debe mbili za ndengu. Taa ya sola. Kaluki, dada ya marehemu bwanake, alikuwa anapokea na kuvusha kwake, ng'ambo ya korongo.

"Haraka, Mama Tracy," Kaluki alisema. "Watu wa kanisa wakikuta uko na vitu, watakupea nini? Wimbo?"

Syombua alicheka. Hiyo kila mtu Kivaa anajua. Siku ya kutembelewa na watu wa msaada, hata kuku wanafungiwa kwa jirani. Mwongeli alisahau redio juu ya meza, akanyimwa tangi la maji. Jirani yake aliyekalisha wageni juu ya mawe akapata.

Wageni wa leo walikuwa wanatoka Machakos, kwa kituo cha watoto cha kanisa. Tracy alikuwa ameishi huko miaka tatu, tangu mamake augue TB akifanya vibarua Athi River. Sasa Syombua amepona. Na kituo kinafungwa, kila mtoto anarudishwa kwa watu wake. Madam Pauline wa ofisi alikuwa amepiga simu: "Tutapita tuone nyumbani."

"Mtoto ni wako, hiyo si swali," Kaluki alimwambia. "Swali ni atakuja na nini. Wengine wanarudi na mbuzi ya maziwa, na karo mpaka fomu foo. Lakini lazima hao watu walie kwanza."

Kilibaki kitanda. Kidogo, cha mbao ya mukau, bado kinanuka maranda ya fundi. Kichwani fundi alikuwa amechonga TRACY, lakini alianza na herufi kubwa sana mbao ikamwishia, Y ikajibana pembeni kama mtu amechelewa ibada.

"Hata hiki, Anti?" Syombua aliuliza, akikipangusa na leso.

"Hiki ndio cha kwanza!"

"Basi tukifungue, utakiegemeza tu kwa ukuta."

"Aiya! Mbao ipinde? Acha nikitandike vizuri, shuka zisiingie vumbi." Kaluki alishika upande wake, wakaanza kuteremka korongoni. Katikati akapumzika. "Kwani yeye hulala na taa ama giza?"

"Giza anaogopa sana."

Kaluki alitikisa kichwa polepole. Syombua alimwonea huruma. Wifi yake huyu alirudishwa kutoka kwa ndoa kwa kukosa mtoto, na bado alikuwa anabebea mwenzake kitanda.

Saa nne gari likafika. Madam Pauline alishuka na Mzee Erastus wa kanisa, aliyebeba fomu. Waliomba kwanza. Halafu wakaangalia: kuta nne, stuli moja, gunia chini.

"Mtoto atalala wapi?" Madam aliuliza.

"Hapo kwa gunia, madam."

"Na chakula?"

"Jana nililala na maji moto." Aliisema vile walifanya mazoezi na Kaluki, macho chini, sauti ikikatika hapo kwa maji. Kumbe muthokoi wa jana, mahindi na maharagwe, ulikuwa umefunikwa vizuri kwa wifi yake.

Mzee Erastus aliandika polepole sana. "Kitanda cha mtoto?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, mzee. Mungu ni shahidi."

"Weka sahihi hapa."

Akaweka. Madam Pauline alitoa miwani akajipangusa macho. Syombua akasema moyoni: mbuzi imeingia boma.

Gari lilizunguka na barabara ya juu, likasimama kwa Kaluki. Likakaa hapo muda mrefu. Syombua alitabasamu peke yake. Anti anamwongezea chumvi huko. Halafu akaliona likitoka, Kaluki ameketi nyuma na suti yake ya kanisa, ile ya bluu. Kaluki alimpungia mkono. Ni vizuri, Syombua akafikiri, amepata lifti ya sokoni.

Jioni alivuka korongo kuchukua vitu vyake. Mlango wa Kaluki ulikuwa na kofuli. Alikaa kwa ngazi kumngoja, akipanga mahali mbuzi italala. Simu ikalia. Ilikuwa meseji ya Madam Pauline.

"Bwana asifiwe Mama Tracy. Tumekuombea sana leo. Lakini kanisa haliwezi kurudisha mtoto mahali hakuna chakula wala pa kulala. Kwa zile nyumba mbili za familia zilizoomba kumchukua, tumeamua aende kwa shangazi yake Kaluki. Amemwandalia kila kitu, hadi kitanda kilichochongwa jina lake! Tuko naye hapa Machakos, Tracy ashapakiwa. Usiumie, hapo ni karibu, utakuwa unamwona. Ubarikiwe."

Syombua aliisoma mara mbili. Akasimama, akaweka uso kwa kioo cha dirisha la Kaluki.

Kitanda kilikuwa katikati ya chumba, shuka za maua zimevutwa zikanyooka. Taa ya sola ilikuwa imetundikwa juu ya mto. Herufi ya mwisho bado imejibana pembeni.

Alitafuta jina la Kaluki kwa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Anti, mwambie Tracy mamake ako na kitanda."

Alama mbili zikageuka bluu. Akangoja. Giza likaingia, na ndani ya nyumba ile taa ya sola ikajiwasha yenyewe.