Vidonge Ndani ya Kopo la Mchele

Bi Kidawa alivikuta vidonge vya uzazi wa mpango ndani ya kopo la mchele. Miaka minne anaomba mjukuu, kumbe mkamwana wake anamzunguka!

Alivibwaga miguuni pa Mwanahawa. "Hivi ni nini?"

"Dawa ya tumbo, mama."

"Mimi si mtoto. Hivi ni vya kuzuia mimba."

"Kanipa daktari wa sita. Wale watano walisema ni maumivu ya hedhi tu, nitazoea. Huyu anasema nyama za ndani ya kizazi zimeniota nje yake, na vidonge vinazituliza."

"Muongo mkubwa!"

Mwanahawa alikuwa amejikunja, chupa ya maji ya moto tumboni, anauma pindo la kanga.

Bi Kidawa alilitazama lile pindo. Yeye naye alizaa mmoja tu, na kanga zake zote za ujana zilitobolewa na meno.

"Na ukienda haja," aliuliza polepole, "kama kisu?"

Mwanahawa aliinua uso. "Nani kakwambia?"

Bi Kidawa aliviokota vile vidonge, akavisogeza karibu na macho, kama anayetafuta jina lake mwenyewe.