Msiba wa Getini

Siku ya saba ya mgomo, wafanyakazi wa ghala la korosho la Masasi walifika getini wakilia, jeneza begani.

Nikolao, karani mkuu, aliwachungulia dirishani huku tumbo likimnguruma. Tangu mgomo uanze, mkewe Scholastika, mchambuaji korosho, alikuwa hajampikia. "Kale kwa mwajiri wako," ndilo jibu alilopata kila jioni. Mgomo usipokwisha, angekufa njaa ndani ya nyumba yenye unga. Hata geti aliliona kama limepungukiwa kitu. Akadhani ni macho ya njaa.

Chanzo cha ugomvi kilijulikana. Kampuni ya Holbeki, wenye ghala wa zamani, ilikubali kwa mdomo kukitambua chama cha wafanyakazi. Kabla wino haujagusa karatasi, ikauza kila kitu na kufunga virago. Meneja mpya, Bwana Tomsoni, akasema yeye amenunua ghala, hakununua ahadi. Serikali nayo ikapiga marufuku mikusanyiko yote, isipokuwa ibada na mazishi.

"Nani amekufa?" Tomsoni aliuliza.

Nikolao alikumbuka kwamba mzee Silvano, mlinzi wa geti, alikuwa hajaonekana siku tatu. Akaingiwa na simanzi. "Nadhani mlinzi wetu, Bwana."

Tomsoni hakuwa na roho mbaya. Alivua kofia, akatoka nje, Nikolao akimfuata. Inspekta wa polisi, aliyewekwa getini tangu mgomo uanze, naye akavua yake.

Dastani, katibu wa chama, alikuwa akimsifu marehemu kwa sauti ya kutetemeka. "Alisimama hapa getini miaka kumi, mvua yake, jua lake, asilalamike hata siku moja. Nani kati yetu aliingia kazini bila kupita mbele yake?"

"Hakuna!" waliitikia, na kilio kikapanda. Scholastika alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Nikolao alimwonea huruma, njaa yake akaisahau kidogo.

Mara Siti, mtani wa wafiwa aliyeteremka kutoka Newala, akajibwaga juu ya jeneza.

"Haendi popote huyu! Marehemu alitupa ahadi. Hazikwi mpaka mrithi wake ajitokeze aibebe!"

"Ahadi gani?" Tomsoni alinong'ona.

"Sijui, Bwana. Pengine kuku. Lakini mtani akishakalia jeneza, haondoki mpaka akubaliwe. Ndiyo mila."

Jua lilikuwa linachoma, na korosho zilikuwa zinangoja. Tomsoni akakohoa, akakusanya Kiswahili chake chote.

"Mimi mrithi. Ahadi yote ya marehemu, mimi nabeba."

"Mbele ya shahidi?" Siti alimuuliza, bado amekaa.

"Inspekta shahidi."

Dastani akayaandika maneno yale, Inspekta akatia sahihi yake chini. Hapo vigelegele vikapasuka. Nikolao akaduwaa; vigelegele msibani? Scholastika aliondoa kanga usoni, machozi yakimtiririka kwa kicheko.

"Baba Ida," alisema, "leo utakula."

Siti aliinuka akajikung'uta. Mzee mmoja akapenya kati ya watu, akainama kufungua mfuniko. Alikuwa Silvano, mzima wa afya. Ndani, kwenye sanda nyeupe, lilikuwa limelala bango la getini: HOLBEKI NA WANAWE.