Wino Mkiani

Profesa Mkwizu aliwapenda wageni kuliko alivyoupenda ukweli. Asubuhi hiyo alijipulizia manukato ili asinuke panya, akavaa koti jeupe, akamwingiza mfadhili wake, Bwana Shelukindo, maabarani kama bwana harusi anayeringia nyumba ya kuazima.

"Panya hawa walikuwa na kisukari," alisema. "Tumewanywesha dawa yetu ya mizizi mwezi mzima. Hakuna hata mmoja aliyekufa!"

Daktari Zuhena, mtafiti mwenzake, alimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye chai. Walikufa wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapasua, akakuta maini yameharibika. Alfajiri hiyo, Profesa alijaza vizimba kwa panya wazima, akawachora mikiani alama za wino wa zambarau kama zile za panya waliokufa.

"Mama yangu anaugua kisukari," mgeni alisema. "Naomba chupa moja nimpelekee."

"Chukua mbili, mheshimiwa!"

Mgeni alizikumbatia chupa kwa mkono wa kushoto. Profesa alimshika panya mkia, akamwinua aonekane alivyonenepa, akamrudisha kizimbani, kisha akampa mgeni mkono kwa bashasha.

"Profesa," Zuhena alisema, "ungesubiri basi wino ukauke."

Shelukindo alikifungua kiganja chake. Kilikuwa cha zambarau. Akautazama mkia wa panya, akazitazama chupa. Profesa alikuwa bado anacheka, huku akijifuta vidole kwenye koti lake jeupe.