Wifi Upande wa Kulia

“Nimebaki bega! Tazameni wenyewe, bega tupu!”

Mwanamke wa gauni la kijani alikuwa ameikunjua picha juu ya kaunta ya duka la uchapaji. Mita nne za ukoo mzima uliojipanga mstari mmoja, kuanzia babu upande wa kushoto hadi mwisho wa kulia, ambako ndiko alikosimama yeye. Palikuwa na bega la kijani na hakuna zaidi.

“Huyu fundi afukuzwe leo hii,” alifoka mwenye picha, mke wa kaka wa huyo mwenye gauni la kijani, akigonga kaunta kwa ufunguo wa gari. “Wifi yangu kipenzi! Uso wangu niuweke wapi?”

Bosi alitoka ofisini amefura. Hakuuliza kitu. Alimwambia fundi hilo ni kosa la tatu mwezi huu: arekebishe sasa hivi au afungashe virago.

Fundi alipandwa na hasira. Miaka saba ya kazi iharibiwe na kompyuta! Na si juzi tu alimweleza huyu mama mwenye picha, neno kwa neno? Mfumo wa kompyuta una turubai yake ya kuchorea picha, upana wake mwisho pikseli elfu kumi na sita. Kinachozidi hukatwa bila hata salamu. Mama alitaka kujua hukatwa upande gani. Wa kulia, alimjibu. Mama akashukuru, akaituma picha kesho yake.

“Mfumo gani huo wa kijinga?” wifi alimaka, machozi yakimlengalenga. “Nani kawaambia familia ina kikomo?”

Fundi aliulaani mfumo, akawalaani na waliouunda, kisha akaketi. Angeigawa picha vipande viwili, achape kimoja kimoja, halafu aunganishe. Alifungua faili alilotumiwa ili apime pa kugawa.

Upana: pikseli elfu kumi na moja.

Alisoma tena. Picha ilikuwa inaenea kwenye turubai na nafasi inabaki. Akaisogeza hadi mwisho wake wa kulia. Bega la kijani.

Mwenye picha alizunguka kaunta, akainama kama anayekagua kazi, mdomo karibu na sikio la fundi.

“Bosi wako nitamtuliza mimi,” alinong’ona. “Wewe sema mfumo umekataa.”