Kiganja cha Nyani

Binti wa Ustadhi Masoudi alikuwa ameushika mkono wa nyani aliyeuawa jana na kuning'inizwa mpakani mwa shamba ili wenzake waogope. Alikuwa akikikunjua kiganja, kidole kimoja kimoja.

Masoudi akasimama kwenye mahindi, akimtazama kwa wivu. Tangu yule mwalimu wa baiolojia ahamie Kilimarondo, nyumbani kila kitu ni "mwalimu amesema." Zamani mtoto huyu alikuwa akimuuliza yeye, hata habari za siafu.

"Haya," akasema. "Mwalimu wako anasema Mungu hakuniumba, huyo ndiye babu yangu?"

"Baba, lete mkono."

Akaupeleka upesi. Siku nyingi hakuwa ameombwa kitu.

Msichana akaviweka viganja sambamba. Mistari ileile, kucha bapa zilezile, hata sugu chini ya vidole. Masoudi akatafuta aya ya kumjibu.

"Na hili amekwambiaje?" akauliza kwa uchungu. "Sema, si ndiye unayemwamini."

"Sijamuuliza," binti akasema, viganja vyote viwili bado mikononi mwake. "Nilikuwa nakusubiri wewe."